TAHADHARI: Hakuna "ada ya msasa" kwa kazi za kambi ya Manda

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Kilifi na Mombasa, na yeyote mwenye kijana anayetafuta kibarua.

Kuna watu wamefungua ofisi hapa Mombasa, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Wanasema wamepewa tenda ya kuwapiga msasa, yaani kuwachunguza kiusalama, wenyeji wanaotaka kazi kwenye kambi ya jeshi la Wamarekani kule Manda, Lamu: jikoni, kufua, usafi, ujenzi. Jina lao silitaji, maana wameshalibadilisha mara moja, na nikiliandika leo kesho mtaambiwa "sisi si wale." Shikeni mtindo wao.

Mdogo wangu ameliwa 18,000. Fomu 1,500. Msasa wenyewe 6,500. Baada ya siku nne akaitwa tena, mlango ukafungwa, akaambiwa kwa sauti ya chini kwamba jina lake limegongana na la mtu aliye kwenye orodha ya magaidi. Kulisafisha, 10,000. Asipolisafisha, faili inaenda kwa wakubwa.

Sasa pwani hii ina akina Mohamed Omar wangapi? Jina litakosaje kugongana?

Lakini alilipa, na mimi simlaumu. Wengi wetu tumekalishwa mbele ya machifu na wazee tukaulizwa babu alizikwa wapi, ndipo tupewe kitambulisho. Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba msasa ule kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Haya, umekwisha kwenye karatasi, hofu bado tunayo. Mtu wa Nyeri akiulizwa kama ana jamaa Somalia atacheka. Mtu wa Kiunga, kule mpakani, hacheki, kwa sababu ana shangazi Ras Kamboni, upande wa Somalia, na anamjua kwa jina. Hiyo ndiyo biashara yao hawa. Wakishakuuliza swali hilo na ukajibu kweli, wamekushika, na ukitapeliwa hutaenda polisi kwa kuogopa kujulikana kama "yule aliyefeli msasa wa ugaidi." Hakuna aliyefeli, jamani. Hakuna aliyepimwa.

Na wana maneno. Bwana mkubwa wa ofisi anaanza na shambulio la Al-Shabaab pale Manda, alfajiri ya 5 Januari 2020, walipouawa Wamarekani watatu: askari mmoja na wafanyakazi wawili wa makandarasi. Ana picha kwenye simu. Akimaliza kukuonyesha, wewe mwenyewe unaona ni haki ukaguzi uwe mkali na uwe ghali.

Uongo wao umeshonewa kwenye kitambaa cha kweli, ndiyo maana unavalika. Kazi za kambini kweli hupitia kwa makandarasi, na wenyeji kweli hukaguliwa. Kule Iraq na Afghanistan walioingia kufanya kazi kwenye kambi za Wamarekani walichukuliwa alama za vidole, picha, hata mboni za macho. Mdogo wangu naye "alisomwa mboni": jamaa alimsogezea simu usoni, akamwambia asipepese, taa ikawaka, basi.

Kitu wasichokwambia ni hiki. Kanuni za manunuzi za serikali ya Marekani, zilizokazwa mwaka 2015 kufuatia amri aliyoitoa Obama Septemba 2012, zinamkataza mwenye tenda, na aliyepewa kipande cha tenda, na wakala wao, kumtoza mfanyakazi ada yoyote ya kuajiriwa. Januari 2019 maana ya ada hiyo ikafafanuliwa, na gharama za kuchunguza historia ya mtu na usalama wake zimetajwa humo waziwazi. Mwenye kazi ndiye anayezibeba. Tena ni marufuku kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti au kitambulisho. Kwa hiyo anayekudai hata shilingi mia ya msasa, ama hana tenda, ama anayo na anaivunja. Vyovyote vile, shuka ngazi uende zako.

Mimi niligundua kwa barua. Mdogo wangu alipewa barua yenye "namba ya msasa," na jirani yetu anayo ya kwake. Tukaziweka mezani pamoja. Namba ileile, tarehe ileile, na kwenye barua zote mbili neno la Kiingereza la jeshi, "military," limeandikwa kwa l mbili.

Zaidi ya pesa, kinachoninyima usingizi ni makaratasi. Walibaki na nakala ya kitambulisho, alama za vidole vyote kumi kwa wino, na majina na namba za simu za ndugu watano. Kama ulifika pale, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kijana mmoja aliyelipa pamoja na mdogo wangu ameshaanza kudaiwa mkopo wa simu asioujua.

Cheti cha tabia njema mnakijua: unaomba kwa eCitizen, unalipa 1,050 hukohuko, alama za vidole unachukuliwa Huduma Centre. Hakuna sehemu ya kumtumia mtu pesa kwa namba yake binafsi. Na wakala yeyote anayeajiri, muulize leseni, halafu ulizia mwenyewe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usiridhike na karatasi iliyobandikwa ukutani. Wale wanayo, imetiwa fremu.

Mpaka jana usiku tumefika watu 11. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda kituoni pamoja, kwa sababu mmoja mmoja ndivyo walivyotupata. Ukiwa umelipa, njoo na ujumbe wa M-Pesa, usiufute, na ile barua. Kama unaona haya, niandikie kwa siri. Jina lako sitaliweka hapa. Na dada yangu aliyenitumia sauti akilia kwamba wamemwambia mumewe yuko kwenye orodha: kina mama wawili tayari wana sauti ya yule bwana mkubwa wa ofisi kwenye simu zao, akiwaambia hayohayo neno kwa neno.