Kipimio cha ELM327 kwa gari linalogoma kuwaka likiwa la moto

Kwa ugonjwa huu, kipimio hiki kidogo cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari na kukuonyesha kwenye simu, ni mwanzo mzuri. Kichomeke kwenye tundu la OBD2 (la kupimia gari) chini ya usukani injini ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe, ushahidi unapotea. Fungua RPM (kasi ya mzunguko wa injini) kwenye simu, piga stata. Injini inazunguka lakini namba imeganda kwenye 0? Shuku sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini: koili yake hukata ikipata joto, ikipoa inarudi. Kodi P0335 (ya hitilafu ya sensa hiyo) isipotokea, usidhani sensa ni nzima. Mara nyingi kodi hiyo haijiandiki. Tazama pia joto la maji: likisoma -40 na rejeta haishikiki, waya au sensa yake imekatika.

Udhaifu: kwa gari nyingi hakionyeshi presha ya petroli, hapo utahitaji geji. Na baadhi ya nakala za bei ya chini hupoteza mawasiliano stata ikivuta umeme.