Mifereji ya robo mzunguko bafuni: uzoefu wangu, Nakuru

Mifereji miwili, miezi minane ya kutumika: mmoja wa kusimama juu ya sinki ya kunawia, mwingine wa ukutani wa kujazia ndoo. Yote ni nusu inchi, mwili wa brasi uliopakwa kromu. Naipa nyota nne kwa tano. Chapa naiacha, kwa maana kinachoamua ni kilichomo ndani, na hicho hakiandikwi kwenye boksi.

Mfereji wa zamani hufunga kwa washa ya mpira inayosukumwa chini na skrubu. Ukianza kudondoka watu huukaza zaidi, mpira unakatika, na kiti cha brasi kilicho chini yake kinachimbika. Huu wa robo mzunguko, ambao mpini wake hugeuka robo tu, una visahani viwili vya kauri vinavyotelezeana ndani ya katriji, yaani kipande cha ndani kinachotolewa na kubadilishwa: matundu yakikutana maji yanapita, yakipishana yanakoma. Hakuna cha kukaza. Adui yake ni mchanga, na kwetu mchanga hautafutwi: mgao ukirudi, maji ya kwanza huja na kutu na tope la mabomba. Floraidi ya visima vya Nakuru isikutishe hapa. Hiyo huharibu meno ya watoto, mifereji haina shida nayo.

Dukani, pima kwa mkono kwanza. Brasi ni nzito. Plastiki iliyopakwa kromu inajulikana mara moja. Aloi ya zinki ndiyo inayodanganya, kwa kuwa nayo ina uzito na sumaku haiishiki, kama isivyoshika brasi. Chungulia ndani ya thredi ambako kromu haijafika: brasi ni ya manjano, zinki ni ya kijivu. Kisha mwombe muuzaji aifungue katriji na umuulize kama anauza ya akiba. Hesabu meno ya kijiti chake, kwa kawaida ni 20 au 24, na uangalie inafungia upande gani, maana zipo za kulia na za kushoto. Ukikosea, mpini hauingii, au unafunguka kinyume. Kwa asiyekuwa na katriji ya akiba mimi sinunui. Washa ya mpira utaipata hadwea yoyote. Katriji ya meno yasiyojulikana itakufanya ununue mfereji mzima.

Mixer ya mpini mmoja, yaani mfereji wa kuchanganya maji moto na baridi, usiichukue kwa uzuri wake. Kila mita moja ya kimo kati ya maji ya tangi na mfereji inakupa msukumo wa takriban bar 0.1. Tangi lililo mita tatu juu ya sinki linatoa bar 0.3, wakati mixer nyingi zinataka angalau bar 0.5, nyingine bar 1. Utapata uzi wa maji. Tena, nyumba zinazotumia shawa ya umeme hazina bomba la maji moto kwenye sinki, kwa hiyo mixer itachanganya nini?

Kazi ngumu ni ya ukutani. Funga geti valvu (koki ya kufungia maji) ya tangi, fungua mfereji ulio chini kuliko yote ili maji yaishe, ndipo ulegeze wa zamani polepole. Kama bomba ni la chuma na limekula kutu, nipo (kipande kifupi cha bomba chenye thredi) inaweza kukatikia ndani ya ukuta, basi andaa nipo mpya na kifaa cha kutolea kipande kabla hujaanza. Kama ni PPR, bomba la plastiki, hatari ni elibo (kiungo cha kona) yenye thredi za brasi: ukilazimisha spana, brasi inazunguka ndani ya plastiki na uvujaji unaanzia nyuma ya vigae. Mafundi wengi bado wanapenda kuziba thredi kwa nyuzi za katani na boss white, dawa nzito ya kupaka. Kwenye chuma ni sawa, lakini katani nyingi hupanua elibo ya PPR mpaka ikapasuka. Hapo natumia tepu nyeupe ya thredi peke yake. Elekeza ncha ya thredi usoni pako, zungusha tepu kwa mwelekeo wa saa, raundi 10 hadi 12, ukiivuta izame. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana mpaka mdomo uangalie chini. Ukipitiliza usiurudishe nyuma, kwani tepu ikishaachia itavuja hata kama siku ya kwanza ni kavu. Toa, safisha, zungusha tepu mpya. Thredi zikiwa zimezama sana nyuma ya vigae, weka kiungo cha kurefushia cha brasi. Na pima nafasi ya ndoo ya lita 20 chini ya mdomo kabla ya kufunga chochote!

Wa sinki ni mwepesi. Mpira unakaa kati ya mfereji na kauri, nati chini, kaza kwa mkono na uongeze robo raundi, basi. Nguvu zaidi hupasua sinki. Paipu laini ya kuunganisha hufunga kwa washa yake, si kwa thredi, hivyo tepu pale ni mapambo tu. Isikunjwe. Ongeza vali ndogo chini ya sinki ili siku nyingine usizime maji ya nyumba nzima.

Kabla ya kufungulia maji, toa kichujio cha mdomoni na uyaache yatiririke dakika moja. Fanya hivyo pia kila mgao unaporudi.

Nyota iliyopungua ni ya mfereji wa ukutani, uliokuwa mgumu mwezi wa sita wa kutumika. Katriji ilikuwa na mchanga. Niliitoa, nikaiosha kwa maji safi, nikaipaka grisi ya silikoni kidogo, na sasa unazunguka kwa kidole kimoja. Vaselini usiipake: inaweza kuvimbisha mipira ya katriji, na mpini ukawa mgumu kuliko ulivyoanza.