Kicheza Muziki cha Kutumia na Linux: Tazama Kwanza Kinavyoungana na Kompyuta

Mwezi uliopita nilinunua kicheza muziki kwa shilingi 6,500 katika duka moja la Barabara ya Digo, Mombasa, na usiku huo huo nikajua kwamba fedha yangu imepotea. Kompyuta yangu hutumia Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Nilichomeka waya, nikafungua folda na kuanza kunakili taarab na kasida 412 alizoniachia marehemu mama, ambazo nilikuwa nimezitoa kwenye kanda, moja baada ya nyingine, kwa karibu mwaka mzima. Ilipofika ya 63, kazi ikakwama. Nilichomoa waya na kuchomeka tena, nikaona folda zipo zote lakini nyingine hazina kitu ndani. Kifaa kile kilikuwa kinajua MTP peke yake, njia ya kuungana na kompyuta ambayo nitaieleza hapa chini.

Habari za ubora wa sauti, ukubwa wa kioo na muda wa betri zimeandikwa sana, nami sitazirudia. Jambo lisiloandikwa, wala halichapishwi kwenye boksi, ni njia ambayo kifaa hujitambulisha kwa kompyuta. Njia ya kwanza ni ile ya flashi: kompyuta hukiona kifaa kuwa diski, nawe unanakili, unafuta na kupanga folda upendavyo. Njia ya pili ni MTP, iliyobuniwa na Microsoft na kuwa kanuni rasmi ya USB mwaka 2008. Hapo kifaa hakikukabidhi diski yake, bali hukaa mlangoni, kikipokea na kutoa faili moja kwa wakati mmoja. Linux huielewa MTP kwa msaada wa programu iitwayo libmtp, lakini kazi huenda polepole, faili haihaririki ikiwa ndani ya kifaa, na programu ya kulinganisha folda kama rsync haifanyi kazi yake sawasawa. Mwenye nyimbo 20 anaweza kuvumilia. Mwenye maktaba ya familia hawezi.

Kwa hiyo nenda dukani na kompyuta yako. Chomeka kifaa, fungua dirisha la amri na uandike lsblk, amri inayoorodhesha diski. Kikitokea kwenye orodha kwa jina kama sdb pamoja na ukubwa wake, hicho ni diski. Kisipotokea hapo, lakini ukikiona unapoandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vyote vya USB, basi huenda kinatumia MTP, na kabla hujakirudisha tafuta ndani ya mipangilio yake kama njia hiyo inaweza kubadilishwa.

Chaguo langu la kwanza ni SanDisk, na sifichi mapenzi yangu: Sansa Clip+ ya mwaka 2009 au Clip Zip ya mwaka 2011. Ndani ya mipangilio yake mna kipengele cha USB Mode, na ukichagua MSC, yaani ile njia ya flashi, kifaa kinakuwa diski papo hapo. Hucheza faili za sauti za aina ya FLAC na Ogg Vorbis bila kuongezwa chochote, na kina nafasi ya memori kadi. Zaidi ya hayo kinapokea Rockbox, programu huria iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya vifaa vya Archos, ambayo hukuwezesha kusikiliza nyimbo kwa kufuata folda zako mwenyewe. Kwetu Pwani jambo hilo ni kubwa, kwa sababu nyimbo nyingi za taarab tulizonakiliana hazikuandikwa jina la mwimbaji ndani ya faili, na kicheza muziki kinachopanga kwa majina ya waimbaji huzirundika zote mahali pamoja bila kujua ipi ni ya nani. Memori kadi ya GB 64 huja na mpangilio wa exFAT, hivyo iumbize upya kwa FAT32 kabla ya kuitumia na Rockbox. Jihadhari pia usiuziwe Clip Jam au Clip Sport ukidhani ni ndugu zake, maana hizo hazipokei Rockbox.

Chaguo la pili ni iPod Video ya mwaka 2005 au iPod Classic, lakini iwe na Rockbox. Bila hiyo, nyimbo hufichwa katika folda za F00, F01 na kuendelea, kwa majina yasiyosomeka, na haziwezi kuchezwa mpaka ziandikwe kwenye daftari la Apple, yaani orodha ya nyimbo ambayo iPod huisoma. Kama mwenyewe wa kwanza alitumia kompyuta ya Mac, itabidi diski iumbizwe upya. FiiO M3K ya mwaka 2018 ni ya tatu, nayo hupokea Rockbox, ingawa vitufe vyake vya kugusa havinipendezi.

Vile vya bei ya chini visivyo na jina mara nyingi huonekana kuwa diski, lakini ukubwa wa hifadhi unaotangazwa huwa wa uongo. Vipime kwa programu ya f3.

Linaloniumiza zaidi ni wauzaji. Niliporudi na kile cha shilingi 6,500 niliambiwa, “Dada, ukishafungua boksi, mali ni yako,” ilhali kabla ya kulipa nilikatazwa kulifungua. Mteja ajue vipi? Duka la pili, karibu na Mwembe Tayari, lilinitajia bei mbili kwa kifaa kimoja ndani ya dakika kumi, ya pili ikiwa juu zaidi baada ya kuniona nimebeba kompyuta.

Katika duka la tatu kijana mmoja alitoa Clip+ iliyotumika, akasema, “Chomeka tu, dada, uhakikishe.” Kifaa hicho hutumia waya wa mini-USB, ambao siku hizi ni adimu madukani, nami nilikuwa nimeubeba ule wa kamera yetu ya zamani. Nilibadilisha USB Mode kuwa MSC, nikaandika lsblk, na sdb ikatokea ikiwa na 7.4G. Usiku huo nyimbo zote 412 ziliingia.