Rivyu: sheli inayoelea, msafara TM 1, Januari 1943

Wadau leo narivyu sheli ambayo hamtaikuta barabarani, zile meli za mafuta za Norwei zilizokuwa zinajazia manowari za ulinzi katikati ya Atlantiki kwenye vita ya pili ya dunia. Nachukua msafara TM 1 maana humo mazuri na madudu yote yanaonekana. Meli za mafuta 9 zinatoka Trinidad mwisho wa Desemba 1942 kwenda Gibraltar, kulisha vita ya Afrika Kaskazini, humo zimo Albert L. Ellsworth, Minister Wedel na Vanja za Norwei, pamoja na Norvik. Ulinzi je? Manowari Havelock ya Waingereza na koveti 3, yaani meli ndogo za vita za kusindikiza. Basi.

Huduma nyota 5, sibishani na mtu. Meli haisimami, mpira unaachiwa nyuma unaelea, manowari inakuja kuudaka na kujaza huku zote zinatembea, bahari ikichafuka mpira unakatika mnaanza upya, na mhudumu muda wote amekalia maelfu ya tani za mafuta wakati torpedo inaweza kuja saa yoyote. Kibao cha usivute sigara hakikusaidii hapo 😅

Mipango sasa, nyota 1. Wakuu wa jeshi la majini kule London walishauri msafara ubadilishe njia, kamanda wa ulinzi akagoma kwa sababu alitaka bahari tulivu ili manowari zake zijaze mafuta, kumbe nyambizi za Dönitz, mkuu wa nyambizi wa Ujerumani, zimejipanga hukohuko. Mi simlaumu sana, manowari isiyo na mafuta italinda nini? Lawama naipeleka kwa aliyedhani walinzi wanne wenye kiu vile wanatosha. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Januari zilipigwa Albert L. Ellsworth, Minister Wedel na Norvik, hizo mbili za mwisho na nyambizi moja, U-522. Mpaka mwisho zimezama 7, zilizofika Gibraltar ni Vanja na Cliona tu.

Malipo hata nyota sijui niweke wapi. Mabaharia wa Norwei walikatiwa bonasi ya vita kwa vile Waingereza waliona inazidi ya watu wao, tofauti ikaingizwa kwenye mfuko wa siri, vita imeisha wakadai chao wakashindwa hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi yao, ndo Bunge lao likaja kuwapa kifuta jasho 1972, kroner (pesa ya Norwei) 180 kwa kila mwezi wa kazi.