Tela la kukodi: nimeitoa Hilux ya ami Makunduchi mpaka Fuoni

Asalam alaykum wote. Tangu Jumamosi ile nipite Tunguu na pikapu juu ya tela simu hazishi, huyu anauliza nimekodi wapi, yule anauliza bei, na kila mmoja namueleza nusunusu. Sasa naandika hapa yote kwa pamoja. Jina la karakana siliweki kwa sababu kuna kasoro mbili tatu ntazisema na sijamuomba ruhusa mwenyewe, anayelitaka kweli aniandikie pembeni ntampa.

Kisa chenyewe hichi. Ami yangu ana Hilux ya disel, singo kebini, injini ya Toyota aina ya 2L, imelala uani kwake Makunduchi miezi saba. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo kidogo hakuna aliyejua, siku moja ikachemka njiani, silinda hedi ikapasuka. Na hizi 2L kila fundi atakwambia ndo maradhi yao, zikichemka mara moja tu usitegemee hedi kubaki salama. Ami akanambia mwanangu ichukue ukaitengeneze, ikae hapa kuku wazidi kutagia ndani, ya nini? Fundi ninayemuamini yuko Fuoni, na kutoka Makunduchi mpaka Fuoni si mchezo, ni karibu unamaliza kisiwa kizima cha Unguja upande wa kusini.

Wazo la mwanzo lilikuwa kamba. Wengi wetu ndo tunavyofanya, gari mbele, gari nyuma, kamba ya manila katikati, twende. Mie nshawahi kukaa kwenye ile gari ya nyuma, mwaka juzi, kutoka Mwera tu mpaka Amani, na sitaki tena. Injini ikiwa imezimwa sukani inakuwa nzito kama unazungusha jiwe la kusagia, na breki pia, manake ile nguvu inayosaidia breki inatoka kwenye injini, ukikanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu kama ukuta. Aliyeko mbele akifunga breki ghafla wewe nyuma unabaki na mguu wako na dua zako. Kwa masafa mafupi mtaani sawa, kwa njia yote ile ya Makunduchi hapana.

Nikauliza gari ya brekidauni, nikatajiwa laki mbili na nusu. Ndo shemegi yangu mwenye Prado akanambia kuna mzee ana karakana njia ya Amani anakodisha tela la kubebea gari, elfu tisini kwa siku moja, amana laki mbili unarudishiwa. Tukaenda Ijumaa jioni baada ya alasiri.

Tela lenyewe zuri, nasema kweli. Tairi nne, ekseli mbili, chesisi ya chuma kizito, katikati limeachwa wazi na pembeni ndo kuna njia mbili za bati nene zinapokaa tairi za gari, nyuma ngazi mbili za kupandia zinachomolewa, mbele winchi ya mkono, yani ile roda ya waya ya kuvutia gari juu. Uzito wake mzee alisema karibu kilo 700 likiwa tupu, na Hilux ile ni kama tani moja na nusu, kwa iyo jumla unavuta tani mbili na ushei. Prado inaliweza hilo bila taabu. Noah au Carina usijaribu, hata kama itaondoka, kuisimamisha ndo kazi.

Kilichonifurahisha zaidi ni mzee mwenyewe. Hakutupa tela akachukua pesa akaingia ndani. Alikaa na sie karibu saa nzima, akatuonesha kikombe cha tela kinavyokaa juu ya kile kichwa cha duara nyuma ya Prado, milimita 50, akafunga pini, kisha akatia jeki chini ya pua ya tela, ile ncha ya mbele yenye kikombe, akainyanyua mpaka mgongo wa Prado ukapanda nayo, akasema mkiona kikombe kinatoka hapa basi hakijashika, mngekuja kukiona barabarani. Halafu minyororo miwili ya usalama akaipitisha chini kwa kuikata msalaba, yani wa kulia unakwenda kushoto na wa kushoto kulia, ili pua ikichomoka iangukie juu ya minyororo isichimbe lami. Na neno moja alilirudia mara tatu, namnukuu kama alivyosema: "Injini itangulie mbele, mwanangu. Injini itangulie."

Kasoro sasa. Ya kwanza taa. Tulipochomeka plagi taa za breki zikawaka, indiketa ya kulia kimya. Mzee akakwangua soketi, ndani kijani tupu, kutu ya chumvi. Kisiwani kwetu chumvi inakula kila waya, na matela haya yanakodishwa pia kwa watu wa boti, yanaingia baharini hasa. Akaunga waya mpya palepale, ikawaka, lakini kitu kama hicho kiwe kishatazamwa kabla mteja hajafika. Ya pili, waya wa winchi ulikuwa na nyuzi zimekatika karibu na ndoano, kama sita saba zimesimama kama miba. Ya tatu ndo iliyonikera, hakuna tairi ya spea. Nikamuuliza, mzee, tukipata pancha Muyuni saa nane mchana tunafanyaje? Akasema spea imo kwenye tela la pili na limekwenda Nungwi. Alinipunguzia elfu kumi kwa hayo, nikashukuru, lakini mie ningependa spea kuliko elfu kumi.

Jumamosi alfajiri tukaondoka, shemegi, mie na mdogo wangu. Tela tupu linapiga kelele sana, kila tuta linaruka, nendeni polepole.

Makunduchi ndo tulipofanya kosa, na kosa letu si la mzee. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani kwa ami kichwa kikitazama ukuta wa mawe, nyuma ndo kwenye njia. Kuigeuza kulitaka kutoa mnazi ulioanguka na banda la kuku, vijana wakasema ah, si tuipandishe kinyumenyume tu, gari ni gari. Ami akasema fanyeni mnavyojua. Tukaipandisha nyuma ikitangulia, mashine ikabaki upande wa mwisho wa tela. Tukakaza mikanda, tukanywa chai, tukaaga.

Njia ya kijijini tulipita vizuri kwa sababu tulikwenda mwendo wa mguu. Hapo kuna jambo la kujua, tela linakata kona kwa ndani, haliifuati gari palepale, na zile kuta za mawe za Makunduchi ziko ukingoni kabisa, kwa iyo shemegi alikuwa anakwenda mbele mpaka anapita kona ndo anakata, mdogo wangu kashuka anatazama tairi za nyuma.

Baada ya Muyuni lami imenyooka, tukafika kama kilomita 65 kwa saa hivi. Fuso likatupita kwa mbele likija kasi, upepo wake ukatusukuma, na hapo tela likaanza. Kwanza kama mtu anakutingisha bega, kushoto, kulia. Kisha kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Nilitazama kioo cha pembeni nikaiona bampa ya pikapu inatokeza kulia kwetu, inapotea, inatokeza tena, na Prado nzima inafuata mkia badala ya mkia kuifuata Prado. Shemegi alitaka kukanyaga breki nikampigia ukelele usikanyage, toa mguu kwenye mafuta tu, shika sukani imenyooka. Alhamdulillah alinisikia. Mwendo ukashuka wenyewe, 50, 40, likatulia. Angefunga breki pale tela lingekuja ubavuni kwetu, sina shaka na hilo.

Tukakokota 30 mpaka Kitogani, tukaegesha kwenye uwazi karibu na njia panda ya Paje. Nikashuka nikaenda kwenye pua ya tela, nikashika kwa mikono miwili nikavuta juu, nikahisi Prado inainuka na mimi. Mimi mtu mmoja! Maana yake uzito wote uko nyuma, pua haina kitu, na tela la namna hiyo lazima lipige mkia. Mzee alikuwa ametuambia, sehemu moja katika kumi ya uzito ikae kwenye pua, sie kwa mzigo wetu ni kama kilo 200, na mashine ya pikapu ndo mzigo wenyewe, nyuma ni bati tupu. Ukiweka mashine mkiani umejipindulia hesabu yote.

Ikabidi tuishushe. Vijana wa Kitogani walikuja bila kuitwa, Mungu awalipe, watu tisa kumi, pikapu tukaisukuma kwa mkono ikazunguka nusu duara kwenye mchanga, mmoja ndani kashika sukani, tukairudisha juu kichwa kikitangulia. Winchi ile yenye nyuzi zilizokatika nilikataza mtu yeyote kusimama sawa na waya wake, kila mtu akae ubavuni, na nyuma ya tairi tukawa tunaweka jiwe kila hatua. Tukaisogeza, tukatazama mgongo wa Prado umeshuka kama vidole vinne, nikajaribu tena kuinua pua, haikuondoka. Hapo ndo penyewe.

Mikanda sasa, kwa sababu watu wengi wanauliza. Minne ya racheti, mmoja kila tairi, unazunguka tairi yenyewe na si bodi. Ukifunga kwenye chesisi pia sawa, lakini springi za gari zinapanda na kushuka njiani, mkanda unalegea bila wewe kujua, ukifunga tairi gari inacheza juu ya springi zake na tairi zimebaki palepale. Pale mkanda unapogusa chuma chenye ncha tulitia kipande cha gunia. Gia tukaiweka ya kwanza, handbreki juu. Halafu baada ya kilomita kumi simama ukaze tena, lazima, sie mkanda mmoja wa mbele ulilegea mpaka unaupitisha mkono.

Tulisimama pale Pete kabla ya kuingia msitu wa Jozani, nikakaza, nikapitisha kiganja kwenye habu za tairi zote nne. Tatu vuguvugu. Ya kulia nyuma moto, si wa kuunguza lakini mkono hukai. Beringi ile inataka grisi au imekwisha, na nilipolirudisha tela ndo jambo la mwanzo nililomwambia mzee. Jozani wenyewe matuta yale tuliyapanda moja moja polepole, na kima punju walikuwa wanavuka, mmoja na mtoto tumboni, akasimama katikati ya barabara akatutazama. Kwa tela lenye mzigo masafa ya kusimama yanakuwa marefu sana, ungekuja mbio pale usingewahi.

Kuanzia hapo mpaka Tunguu tulikwenda 60, tela limetulia kama halipo. Magari mawili makubwa yalitupita, hakuna kutikisika hata kidogo. Gari ileile, tela lilelile, mikanda ileile, tumegeuza kichwa tu. Tunguu trafiki wakatusimamisha, wakatazama taa, indiketa ya kulia ikawaka, nikamshukuru mzee na waya wake, wakaomba kadi ya pikapu nikawaonesha, tukaruhusiwa. Bebeni kadi ya gari iliyo juu ya tela pia.

Kurudi nyuma kuingia kwa fundi ndo kulitutoa jasho. Kama hujawahi kurudi rivasi na tela shika sukani kwa chini, pale ilipo namba 6 kwenye saa ya ukutani, chini kabisa, mkono ukiupeleka kushoto na tela linakwenda kushoto, ukiupeleka kulia linakwenda kulia. Shemegi alivyoelezwa hivyo na kijana mmoja wa karakana aliingia mara ya tatu.

Jumla nilitoa elfu themanini ya tela baada ya kupunguziwa, disel ya Prado, na soda za vijana wa Kitogani, bado niko chini sana ya ile laki mbili na nusu. Amana nilirudishiwa yote usiku uleule, mzee hakutafuta kisingizio. Nilimueleza habari ya beringi, akalala chini na tochi palepale, akaizungusha tairi kwa mkono akasikiliza, akasema kweli, hili halitoki kesho. Na waya wa winchi nikamwambia, mzee, huu ukikatika mtu anapoteza jicho, ubadilishe. Jumatano nilipita nikaukuta mpya, na spea imefungwa pembeni kwa boliti mbili.

Kwa iyo mie ntakodi tena kwake. Mnaokwenda kuchukua, nendeni mchana mkiwa na nafasi, washeni taa zote mtu mmoja akiwa nyuma, tazameni upepo wa tairi nne zote na ulizeni spea iko wapi kabla ya kutoa pesa. Na huko mnakokwenda kama gari imetazama ukuta, toeni banda la kuku.