Mbegu ya mbaazi aina ya Mali kwenye shamba la mahindi, nimeitumia misimu mitatu Babati

Kwa anayefikiria kununua mbegu ya Mali achanganye na mahindi, mimi nimeshaipanda misimu mitatu mfululizo kwenye heka moja huku Babati na nasema inafaa kabisa, ila usinunue ukitegemea maajabu mwaka wa kwanza maana hutayaona.

Nilichukua kilo 4, zikatosha heka. Punje ni kubwa, nyeupe, na zimeota vizuri. Nilipanda siku moja na mahindi, mstari wa mahindi mstari wa mbaazi. Wengi wanaogopa eti mbaazi itabana mahindi, haibani bana, miezi miwili mitatu ya mwanzo inakua taratibu mno, mahindi yanaipita, unapalilia mahindi na yenyewe inapata palizi humohumo, afu mahindi yakishatoka shambani mwezi wa 7 ndo inapata jua inachanganya, inakula unyevu wa chini kabisa ambao mahindi hayaufikii, inatoa maua mvua ilishakata zamani na mwezi wa 9 unavuna.

Sasa udongo, ambao ndo sababu ya kuandika yote haya. Shamba langu lilikuwa limechoka, mahindi juu ya mahindi tangu enzi za baba, jembe likishuka kidogo tu linadunda. Mzizi wa mbaazi unatoboa ule udongo mgumu. Ng'oa mche mmoja ukiwa bado mchanga utaona vinundu kwenye mizizi, kipasue kimoja, kikiwa na wekundu ndani ujue bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni ya hewani. Mahindi ya mwaka uleule hayapati kitu cha maana hapo, wanaofaidi ni mahindi ya mwaka unaofuata, mizizi ikishaoza na majani yakishapukutika, na yanapukutika mengi kweli, unatembea shambani huoni udongo. Zamani nilikuwa napata gunia 9, mwaka wa kwanza zikawa 9 hizohizo, mwaka wa tatu 13 na yurea nimeweka nusu ya niliyozoea. Mvua nayo ilikuwa nzuri, siwezi kuipa mbaazi sifa zote, lakini jirani mwenye mahindi matupu kwa mvua ileile hakufika huko. Mbolea ya kupandia sijaacha, fosforasi haitoki hewani.

Kingine kilichonifurahisha ni mnyauko. Mbaazi yetu ya kienyeji ilikuwa inakauka shina zima na maganda juu, inauma sana kuiona. Mali imetoka kwenye utafiti wa ICRISAT, lile shirika la kimataifa la utafiti wa mazao, na watafiti wetu wa kituo cha kilimo cha Selian Arusha, na kuvumilia mnyauko fuzari, yaani huo mnyauko unaoletwa na ukungu wa kwenye udongo, ndo sifa yake kubwa, kwangu imekaukia mashina machache mno.

Ubaya upo. Funza wa maganda hawana huruma, weka hela ya dawa kabisa kabla hujapanda, usipopuliza wakati wa maua utavuna maganda matupu. Ng'ombe ndo kero kubwa zaidi, wenzako wakishavuna mahindi mashamba yote yanafunguliwa malisho na wewe peke yako una kitu kibichi, mwaka wa kwanza nimeliwa kona nzima, sasa hivi tumekubaliana wakulima watano tunaopakana tupande wote. Na bei jamani, aliyelima 2017 anakumbuka India walivyobana kununua mbaazi, watu wakaziacha shambani zipukutike, kwa hiyo usikopee mbegu hii ukitegemea mbaazi pekee ilipe deni.

Mbegu nunua yenye lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kuna duka moja mjini waliniuzia za kupimiwa kwenye kopo wakisema ni Mali, nusu zikatoka nyekundu nusu nyeupe na mnyauko juu, pale nilipoteza msimu wa robo heka niliyokuwa nimeongeza. Hata za kuhifadhi mwenyewe usizirudie miaka mingi, nyuki wanahamisha chavua kutoka kwenye mbaazi za majirani na ile sifa ya kuhimili inapotea pole pole.

Baada ya kuvuna usiing'oe wala usichome moto. Mimi nakata shina karibu na ardhi, mizizi naiacha ioze palepale, mashina yanabebwa nyumbani na mama watoto anasema kuni zake zinawaka vizuri na haendi tena mlimani mpaka karibu na masika.