Kuvua na watoto Shimoni, wakati wa maji mafu

Ukitaka kupeleka familia kuvua Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, tazama mwezi kwanza. Sisi tuliangukia maji mafu: mwezi nusu, mkondo umelala, na samaki nao wamelala. Nahodha alitwambia kabla hatujalipa: "Leo watadonoa tu, dada. Mkitaka ndoo ijae, rudini bamvua, maji yakienda kwa nguvu." Kwa hilo pekee nampa nyota nne, wengi wangepokea pesa wakanyamaza.

Tukaenda. Kisite hatukufika, maana kule ni hifadhi na kuvua ni marufuku. Tulitia nanga upande wa kisiwa cha Wasini, pembeni mwa mwamba, na hapo ndipo nilipouona ufundi wake. Alifungua chubwi nzito, ile risasi ya kuzamisha mshipi, akafunga nyepesi, ndoana akaweka ndogo, ngisi akamkata vipande vyembamba kama kucha. Akamfundisha mwanangu wa miaka saba kulaza mshipi juu ya kidole cha shahada: samaki akidonoa tulia, akiburura vuta. Mtoto akapata changu wa ukubwa wa kiganja, kelele zake zikasikika ng'ambo! Baba yake, na fimbo yake ya kuvulia ya bei mbaya, aliambulia kikande mmoja.

Kasoro zipo. Jaketi za kuelea za watoto zilikuwa kubwa mno, na turubai halikukinga jua la saa tano. Mahamri na chai ya tangawizi, sina neno. Tulilipa shilingi elfu nane boti nzima, nusu siku, chambo ndani yake.